Desemba watu hurudi Kilimanjaro. Picha zao zitarudi lini?

Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilinunua picha ya rangi za mafuta iliyochorwa miaka minne nyuma na mwana wa Machame, Kilimanjaro. Inahusu wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Ni picha ndogo. Gazeti hili ukilikunjua linaifunika yote. Mchoraji wake ni Sam Joseph Ntiro.

Mtu aliyekulia kihambani, kwenye shamba la ukoo, hahitaji kuelezwa habari hiyo. Anajua mbege ile ilianza safari siku nyingi kabla ya usiku ule. Ndizi ziliiva, zikamenywa, zikachemshwa hadi zikabadilika rangi, kisha zikaachwa zitulie. Magome ya msesewe yalitafutwa ili pombe ipate uchungu wake. Ulezi uliloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, uji wake ukapikwa na kuchanganywa na maji ya zile ndizi. Anajua pia kwamba anayebeba pombe ya posa amebeba heshima ya ukoo mzima, na kwamba ikimwagika njiani yatazuka maneno mpaka kwa mashangazi.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere, katika shule ya sanaa aliyoiasisi Margaret Trowell, akaenda kuendelea na masomo Slade jijini London, kisha akafundisha Makerere. Baada ya Uhuru serikali ilimtuma London kuiwakilisha nchi kama balozi, na baadaye akawa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Miaka mingi ya uchoraji wake aliishi mbali na mlima, Kampala na London, lakini mkono wake haukuacha kurudi nyumbani: watu wakivuna, wakichota maji, wakifanya kazi bega kwa bega chini ya migomba. Watu wake ni wadogo na ni wengi, na mara nyingi huwezi kumtambua mmoja kwa sura. Wapo waliodhani hiyo ni dalili ya mkono usioiva. Mimi naona mtu aliyepita Slade alikuwa na uwezo wa kuchora sura akitaka. Alitaka tuone msaragambo: kazi ambayo jina la mtu mmoja halina uzito, uzito uko kwa wote waliojitokeza.

Sasa, mtoto wa darasa la sita wa Machame akitaka kuiona kazi ya mkono huo, aende wapi? Mji wa Moshi una mahakama, una hospitali za rufaa, una vyuo vikuu, una makao ya Bodi ya Kahawa na uwanja wa Ushirika unaojaa wakati wa mbio za marathoni. Jumba la umma la sanaa hauna. Makumbusho ya Taifa ina vituo Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Kilimanjaro, mkoa ambao jina lake linauzwa dunia nzima kwenye chupa za maji na fulana, haina hata kimoja.

Jambo hili linauma zaidi ukikumbuka kwamba tulishaanza. Katika miaka ya 1960 Marangu ilikuwa na jumba la sanaa lililoitwa Kibo Art Gallery. Aliyelianzisha ni Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa huko huko, aliyezaliwa mwaka 1932 na kupita Makerere kama Ntiro. Kenya wanamkumbuka kwa michoro mitano mikubwa aliyoichora ukutani mwaka 1959 katika kanisa la kumbukumbu la Murang'a, ambamo maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, yanapita katika nchi ya Wakikuyu, kwenye vilima vyao na miongoni mwa watu wao. Wanamkumbuka zaidi kwa Paa ya Paa, kituo cha sanaa alichokianzisha Nairobi mwaka 1965 pamoja na wenzake. Msimamo wake ulijulikana Afrika Mashariki yote: kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi.

Mtu mwenye jina kama hilo angeweza kuridhika na Nairobi. Yeye aliona Marangu napo panastahili. Aliweka sanaa mlimani, njia ileile wanayopita wapandaji, lakini pia njia ileile wanayopita akina mama wakitoka sokoni Marangu Mtoni na mikungu kichwani. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko picha yoyote aliyowahi kuchora. Alikubali kwamba mwenye shamba la kahawa ni mtazamaji halali wa sanaa, tena ana haki ya kuwa wa kwanza.

Leo ukitembea katikati ya mji wa Moshi, kuanzia mnara wa saa kushuka barabara zenye mahoteli na maduka ya vinyago, picha hazikosekani. Zimening'inizwa kwenye kamba, zimeegemezwa ukutani, zimeviringishwa tayari kuingia kwenye begi la safari. Twiga, tembo, Wamasai wembamba wenye shuka nyekundu, na nyuma yao Kibo na theluji yake. Nyingi zinafuata mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana wanaozichora wana mikono mizuri na wanalea familia kwa kazi hiyo, na sina neno baya juu yao. Neno langu ni juu ya msimu. Picha hizi hutoka kwa wingi wageni wanapokuja kupanda mlima, Juni hadi Oktoba, kisha tena Januari na Februari. Mvua za masika zikianza, kamba zinabaki tupu. Kalenda ya sanaa ya mji wetu imeandikwa na tiketi za ndege za watu wengine, ndiyo maana ndani yake hukuti kipaimara, hukuti kikao cha ukoo, hukuti mama anayepalilia maharage kati ya mibuni.

Kuna sehemu moja ambako kalenda ni ya wenyeji wenyewe, nayo ni Old Moshi.

Ukitoka mjini unapita Kiboriloni, unaacha lami ya kwenda Himo na kuanza kupanda. Huko juu ndiko Moshi ilikoanzia, kabla reli kutoka Tanga haijafika bondeni mwanzoni mwa miaka ya 1910 na kuuteremsha mji pamoja na jina lake. Eneo la Tsuduni lina mti ambao watu wa huko hawauoneshi kwa kidole hivi hivi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga hapo Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, pamoja na wamangi na viongozi wengine, mbele ya watu wao. Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Mwaka 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani na kamanda wao, Albrecht von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi. Miaka saba baadaye wakamtia kitanzini kwa madai ya kupanga uasi, na simulizi za Old Moshi zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Tarehe hiyo haikuhitaji tangazo la serikali ili ikumbukwe. Tarehe 2 Machi 2019 ilipata kitu kipya: mnara wenye sanamu ya Mangi ulizinduliwa karibu na mti, na katika jengo la kale la utawala lililo jirani yakafunguliwa maonyesho ya kudumu juu ya maisha yake, kifo chake na safari ya kukitafuta kichwa chake. Waliyaandaa Sarita Mamseri na Konradin Kunze, kwa ushirikiano na kikundi cha utalii wa kiutamaduni cha Old Moshi. Maonyesho hayo yalikuwa yameshaonekana Berlin na Dar es Salaam. Kuyakuta yamepanda mlima, yamewekwa hatua chache kutoka mahali penyewe, ni jambo jingine kabisa. Ukitoka mlangoni unaona mti. Msomaji wa maelezo ya ukutani hana nafasi ya kujifanya kwamba habari hii ni ya mbali.

Mjukuu wa Mangi, Isaria Meli, alidai kichwa cha babu yake kwa miongo mingi, na alitoa sampuli ya vinasaba vyake ili vilinganishwe na mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin. Naye Mnyaka Sururu Mboro, mwana wa Kilimanjaro aliyekwenda Ujerumani mwaka 1978, aliondoka na agizo la bibi yake: akitafute kichwa cha Mangi Meli akirudishe. Hakukipata, lakini agizo lile lilimfanya awe mmoja wa waasisi wa Berlin Postkolonial, chama ambacho kimeilazimisha Berlin kuyatazama majina ya mitaa yake na makabati ya makumbusho yake.

Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya umma ya Berlin ilitangaza matokeo. Katika mafuvu zaidi ya elfu moja kutoka Afrika Mashariki yaliyochunguzwa tangu 2017, yamepatikana ya watu watatu wa Kilimanjaro yanayooana na ndugu zao walio hai. Mmoja alikuwa mshauri wa Mangi Meli, na juu ya fuvu lake palikuwa pameandikwa neno Akida. Wengine wawili walihusishwa na familia ya Mangi Molelia wa Kibosho. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Hapa ndipo maonyesho yanapoacha kuwa starehe ya wikiendi. Picha iliyobandikwa ukutani Old Moshi imekuwa sehemu ya jitihada za kweli, zenye maabara, barua na vikao na mabalozi. Mtu wa Kibosho aliyesikia habari hizo alijua kuna hatua ya kuchukua: kuwatafuta wazee wa ukoo, kuuliza nani alizaliwa na nani.

Tayari mwaka 2022 waandaaji wa maonyesho ya Old Moshi walikuwa wamekwenda hatua moja mbele. Walitengeneza maonyesho ya kutembea, wakayaita Marejesho, wakayazungusha katika vijiji vya Kilimanjaro na Meru. Yalibeba picha za vitu vilivyochukuliwa huku enzi za ukoloni na ambavyo leo viko kwenye makumbusho ya Ujerumani: silaha, mapambo, mavazi, vyombo. Kijijini hapakuhitajika jumba. Vitu vilionyeshwa kwa wajukuu wa waliovitengeneza, nao wakapewa nafasi ya kusema wanajua nini na wanataka nini.

Naliweka onyesho hili juu ya mengi niliyowahi kusoma habari zake, kwa sababu liligeuza nani ni mwalimu na nani ni mwanafunzi. Kadi ya makumbusho ya Ulaya kwa kawaida inasema hivi: mkuki, Kilimanjaro, mwaka fulani, jina la ofisa aliyeuleta. Aliyeufua hayumo. Nenda Mamba, ambako wahunzi wanaendelea kufua chuma kwa mivukuto na nyundo, uwaoneshe picha ya mkuki. Mhunzi atatazama urefu wa jani, unene wa uti wake, jinsi chuma kilivyoingia kwenye mpini, na atakuwa na la kusema kuhusu kazi na mikono iliyoifanya. Elimu hiyo haimo Berlin. Imo vichwani mwa watu wenye miaka sabini na themanini, na kila mwaka tunazika baadhi yao.

Leipzig nako wana habari ya Kilimanjaro, ya jiwe la mlima wenyewe. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889 alichukua jiwe, akalipasua, nusu akampelekea Kaisari Wilhelm II, nusu akabaki nayo. Mwaka 2022 kikundi cha wasanii kinachoitwa PARA kilitengeneza onyesho zima juu ya jiwe hilo ndani ya makumbusho ya Grassi, wakauza nakala zake kuchangisha fedha ili ile nusu iliyobaki mikononi mwa muuzaji wa vitu vya kale inunuliwe na kurudishwa Tanzania. Wasanii wa Ujerumani wamekosa usingizi kwa ajili ya jiwe letu. Nafurahi wamefanya hivyo, na ningependa vijana wa chuo hapa Moshi walijadili kwa uzito uleule, wakiwa na Kibo yenyewe dirishani.

Nilitaja Songea, na inafaa nirudi huko kidogo. Kila tarehe 27 Februari watu wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Wana makumbusho yenye jina la vita hivyo, wana mnara, wana ratiba. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda hapo kuomba radhi. Kati ya siku ya Songea na siku ya Old Moshi hazipiti hata siku tano, na maneno yanayosemwa siku hizo mbili yanafanana mno. Moja inabebwa na taasisi ya taifa. Nyingine inabebwa na ukoo, kijiji, na kikundi kidogo kinachoishi kwa viingilio vya wageni. Nadhani wizara husika inaweza kulitazama hilo bila kungoja kuombwa mara ya pili. Wakati huohuo mji wa Moshi unajaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Maelfu ya watu wako kilomita chache tu chini ya Tsuduni, wengi wao Watanzania, wamelala, wamekula, hawana la kufanya siku inayofuata. Bango moja pale Ushirika lingetosha kuwapandisha.

Marangu pana makumbusho mengine, yale yanayoitwa Chagga Live Museum, na napenda nieleze kilicho ndani kwa sababu wengi wetu tunapita nje tukidhani ni ya wageni. Humo kuna nyumba ya msonge, majani yake yameteremka hadi chini. Mlango ni mfupi. Mtu mzima anainama, na ndani macho yanahitaji muda kuzoea. Upande mmoja ni wa ng'ombe na mbuzi, na wao ndio waliokuwa wakiipasha nyumba joto usiku wa Julai, baridi inaposhuka kutoka msituni. Katikati kuna mafiga. Juu yake dari ya miti, mahali pa kukaushia ulezi na kuhifadhia chakula, moshi ukipita na kufukuza wadudu. Kitanda kiko karibu na mifugo kiasi kwamba mwenye nyumba angesikia ndama akikohoa. Nje kuna mizinga ya nyuki, vibuyu, mikuki, ngao. Kuna pia habari za mapango yaliyochimbwa chini ya vihamba ili watoto, wanawake na mifugo wajifiche vita vilipokuja, vya Wamasai au vya mangi jirani.

Ukiwa na mtu aliyeishi kwenye nyumba kama hiyo utotoni, maelezo ya mwongozaji yanakuwa utangulizi tu. Bibi wa miaka themanini akigusa figa ataanza kusimulia jinsi walivyolalia ngozi, nani aliwasha moto alfajiri, mfongo wa maji ulipita wapi na zamu ya maji ya nyumba yao ilikuwa siku gani. Wajukuu waliokuja na simu mkononi watazishusha. Bibi huyo haji Marangu mwezi wa Agosti, maana hana sababu. Anayeweza kumleta ni mtoto wake aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma, na mtoto huyo anakuja Desemba.

Huko ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo. Kilimanjaro ina msimu mmoja mkubwa kuliko yote, nao haumo kwenye vitabu vya watalii. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi hayapatikani. Magari yenye namba za mikoa yote yanapandisha Kibosho, Uru, Machame, Rombo, Marangu. Hata treni ya Dar es Salaam ilirudi kwa msimu huo: baada ya takribani miaka 25 bila safari za abiria, ilianza tena Desemba 2019 kuja Moshi. Watu wanarudi kuchinja, kunywa kisusio, kuwabatiza watoto, kuwapeleka kipaimara, kuozesha. Wanapalilia makaburi ya babu zao yaliyo pale pale kihambani, kati ya migomba na masale. Wanakaa vikao vya ukoo na kugombana kuhusu mipaka, kisha wanasameheana kwa jani lilelile la isale. Kwa wiki tatu hivi vizazi vitatu au vinne vinalala chini ya paa moja. Nchi hii haina hadhira bora kuliko hiyo ya kuonyeshwa historia yake.

Wazee wetu waliielewa nguvu ya siku ya kukusanyika. Katika miaka ya 1950, wakati Thomas Marealle akiwa Mangi Mkuu, kulikuwa na Siku ya Wachagga kila Novemba, yenye bendera, magwaride na ngoma, na gazeti la Komkya la hapa Moshi likiandika habari za mlima kwa Kiswahili. Sitaki turudishe siasa za wakati ule. Taifa lilichagua njia yake, na ilikuwa njia njema. Ninachotaka kibaki ni ule uhodari wa kuipa siku maana. Tayari mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alikuwa ameshachapisha kitabu cha maisha ya Mchagga, hapa duniani na ahera, kwa sababu aliona mambo yanaondoka. Humu mlimani kulikuwa na mregho, fimbo yenye alama zilizochongwa ambayo vijana walifundishiwa maadili na siri za uhai, alama moja somo moja. Waulize vijana kumi wa leo waliozaliwa hapa kama wamewahi kuiona, hata kwenye picha.

Kwa hiyo natoa pendekezo, na nalitoa kwa moyo wote. Desemba hii, au ijayo kama hii imetuwahi, yawepo maonyesho ya vihambani. Kumbi zipo. Shule zimefungwa, madarasa yako tupu kutoka Old Moshi hadi Mashati. Kumbi za parokia na usharika hutumika siku za arusi tu. Stesheni ya Moshi, jengo ambalo kila mwenyeji analijua, ina kuta ndefu na abiria wanaosubiri. Ukoo wa Ntiro uombwe ruhusa ya kuchapisha nakala kubwa za picha zake, ubora wa kutosha uonekane mgomba na mtu chini yake, zipelekwe Machame kwanza. Kazi za Elimo Njau zipelekwe Marangu. Maonyesho ya Old Moshi yatengenezewe nakala nyepesi inayoweza kufungwa kwenye pikapu ikafika Kibosho, kwa sababu wana wa Molelia nao wana msiba humo. Wachoraji wa mjini, wale wa twiga na tembo, wapewe kazi ya kulipwa: chora shangazi yako akipika kiburu, chora mnada wa Kiboriloni, chora kikao cha ukoo kilichovunjika. Nina hakika mikono yao ina vitu ambavyo wageni hawajawahi kuwaomba.

Na sehemu kubwa ya onyesho iwe tupu mwanzoni. Iwe ukuta wa watu kuleta vya kwao. Karibu kila nyumba ya mlimani ina bahasha au bati la biskuti lenye picha: babu mbele ya mashine ya kukoboa kahawa, risiti ya chama cha ushirika cha KNCU imebanwa pembeni, wasichana wa shule ya Ashira wakiwa na sare, arusi ya mwaka 1958, bwana harusi na suti ya kuazima, askari aliyekwenda Burma na hakurudi. Wiki ya Krismasi ndiyo pekee ambapo anayeijua picha na anayeirithi wako kwenye meza moja. Januari mmoja amepanda basi, na siku nyingine mmoja amekwenda asikorudi.

Gharama yake ni ndogo. Mbao za kubandikia, taa, mtu mwenye skana au hata simu nzuri na mkono uliotulia, daftari la kuandika majina. Picha asili zisibandikwe kwa gundi wala selotepu. Zipigwe nakala, asili irudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo, kwa saini. Yeyote anayepanda nyumbani mwaka huu anaweza kuanza bila kungoja kamati: akae na mama au mzee wa nyumba baada ya chakula, ashushe lile bati kutoka juu ya kabati, aulize huyu nani, hapa wapi, mwaka gani. Majibu yaandikwe nyuma ya kila picha, pembeni kabisa, kwa penseli laini; kalamu ya wino hupenya karatasi na baada ya miaka michache huonekana usoni mwa aliyepigwa.